Barua ya wazi kuhusu makaburi ya City Park: nyumba ya Murumbi ilikwenda, kaburi lisiende

Kwa: Wakubwa wenye dhamana ya makaburi ya City Park, Nairobi, wa kaunti na wa serikali kuu

Waheshimiwa,

KUH: MAKABURI YA CITY PARK NA WALIOLALA HUMO

Natanguliza heshima zangu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia na Kiswahili. Nimefundisha shule za Eastlands karibu miaka thelathini, na tangu nistaafu kazi yangu kubwa ni kuwatembeza watoto wa jirani mahali ambapo vitabu vyao vya shule havifiki. Sikupenda kuwaandikia hadharani. Nililelewa na watu walioamini kuwa ya nyumbani husemwa nyumbani. Lakini nyumbani nimebisha hodi mara tatu, na mara zote tatu mlango ulifunguliwa, nikatabasamiwa, ukafungwa.

Barua yangu ya kwanza, ya kuuliza ni nani anayeyatunza makaburi ya City Park, niliipeleka kwa mkono. Ikapigwa muhuri wa kupokewa, nami nikarudi nyumbani na nakala yangu nikijiona nimefanya kazi. Nilipokuja na ya pili nikaambiwa ile ya kwanza ilipelekwa ofisi nyingine. Nikaifuata. Huko nikampata kijana mmoja, mpole, mwenye adabu zake, akaniambia: "Mzee, makaburi si yetu, sisi ni bustani." Nikarudi nilikotoka. Huko nako kijana mwingine akaniambia: "Mwalimu, hiyo ni turathi, si makaburi." Katika barua ya tatu nilitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayompa afisa wa umma siku 21 kumjibu mwananchi. Siku 21 zikapita, zikapita nyingine kama hizo. Ofisi sizitaji majina, zinajijua. Wala wale vijana wawili siwalaumu. Nadhani wote wawili walisema kweli kwa namna yao, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Kwa wasomaji wengine watakaoipitia barua hii: City Park ndiyo ile bustani ya kando ya Limuru Road, kati ya Parklands na Muthaiga. Wengi wanaijua kwa sababu ya kima wake, wanaokupokonya njugu na ndizi mkononi bila kukuuliza. Ni kipande cha msitu wa asili kilichosalia jiji lilipojengwa likauzunguka. Na humo kuna makaburi. Amelala Pio Gama Pinto, mpigania uhuru na mbunge aliyeuawa mwaka 1965. Si mbali naye, ndani ya bustani hiyohiyo, wamelala Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais, na mkewe Sheila.

Mwaka juzi nilikwenda na watoto kumi na wawili. Tuliposimama kwenye kaburi la Pinto, msichana mmoja wa darasa la saba akaniuliza: "Mwalimu, huyu si alikuwa Mhindi? Kwao ni wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kuandika barua, kwa hiyo niruhusuni nilijibu hapa kama nilivyomjibu yeye, pengine na nyinyi mtalihitaji.

Pinto alizaliwa hapahapa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, wazazi wake wakiwa na asili ya Goa. Alipelekwa kusoma India, huko akaingia katika harakati za kuwaondoa Wareno Goa, na mwaka 1949 akarudi Kenya. Akajifunza Kiswahili kikamkaa, akafanya kazi na vyama vya wafanyakazi na magazeti, na vita vya Mau Mau vilipopamba moto akawa anawasaidia wapiganaji kwa pesa na silaha. Mwaka 1954 Waingereza wakamkamata. Wakamfungia kisiwani Manda, kule Lamu, miaka minne, kisha wakamweka Kabarnet hadi 1959. Kwa hiyo alizuiliwa na mkoloni kwa ajili ya nchi hii kabla wengi wa waliokuja kuitawala hawajajua bendera yake itakuwa ya rangi gani. Uhuru ulipopatikana akaingia Bunge, na humo hakuacha kuuliza ardhi iliyotoka kwa masetla inakwenda kwa nani. Jumatano tarehe 24 Februari 1965, asubuhi, akiwa ndani ya gari lake Westlands pamoja na binti yake mdogo, wakingoja kutoka langoni, walikuja watu wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 37. Kijana aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, Kisilu Mutua, alitoka gerezani mwaka 2001, na hadi mwisho alishikilia kwamba si yeye. Aliyetuma watu hao hajawahi kutajwa na mahakama yoyote.

Murumbi alikuwa rafiki yake. Alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, baba Mgoa na mama Mmaasai. Naye alisomea India. Viongozi wa chama cha Kenya African Union (KAU) walipokamatwa Oktoba 1952, Murumbi ndiye aliyeshika ukatibu mkuu wa chama kilichokuwa kimebaki bila kichwa. Akaenda uhamishoni London karibu miaka tisa, akiisemea Kenya kwa yeyote aliyekuwa na sikio. Aliporudi alikuwa waziri wetu wa mambo ya nje, kisha mwaka 1966 Makamu wa Rais, na mwaka huo haujaisha akajiuzulu mwenyewe. Sababu iliyotangazwa ilikuwa moja, na iliyonong'onwa ikawa nyingine, kwamba kifo cha Pinto na njaa ya ardhi ya wenzake vilimtia kinyaa. Mimi sikuwemo moyoni mwake. Ninachojua ni kwamba alipokaribia kufa, mwaka 1990, aliomba azikwe karibu na Pinto.

Sasa, Waheshimiwa, hapa Kenya mtu huzikwa kwao. Hilo hamhitaji kufundishwa na mwalimu. Waziri Tom Mboya aliuawa Nairobi, kaburi lake liko kisiwani Rusinga. Jaramogi Oginga Odinga yuko Kang'o, Bondo. Mwaka 1987 nchi nzima ilisimama miezi mitano ikifuata kesi ya S.M. Otieno, mwili ukiwa mochari, mpaka mahakama ikaamua kwamba wakili yule wa Nairobi aende akazikwe Nyalgunga pamoja na watu wake. Tunasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Murumbi alikuwa na ngama yake. Alikuwa na shamba lake Transmara, katika nchi ya watu wa mama yake. Akaiacha, akachagua kulala jijini kwa sababu rafiki yake yuko hapo.

Kwa hiyo nilimwambia yule mtoto: kwao ni hapa uliposimama. Akaniuliza tena, maana watoto hawaachi, "Sasa nani huja kupalilia?" Hapo sikuwa na jibu. Nikawaletea nyinyi swali, na ndilo hili ninalowaletea tena, safari hii mbele ya watu.

Yanayonisumbua ni haya.

1. Mipaka. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba City Park ilikuwa na hekta 91 hivi, na sasa zimebaki kama 60. Zilizokwenda hazikupeperushwa na upepo. Ziligawanywa, zikapata hati, zikapata kuta. Nakubali kwamba mwaka 2009 bustani ilitangazwa kuwa turathi inayolindwa chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, na waliopigania hilo, wengi wao raia wa kawaida tu wenye kupenda miti na ndege, nawavulia kofia. Lakini tangazo la gazeti la serikali ni karatasi. Mnyakuzi wa ardhi wa Nairobi haogopi karatasi, naye ana za kwake. Anachoogopa ni ramani iliyopimwa, vigingi vilivyochomekwa ardhini, na majirani wanaojua kigingi kiko wapi. Niliuliza swali moja jepesi: makaburi yamo yote ndani ya mipaka iliyolindwa, ndiyo au la? Na kama yamo, ramani iko wapi niione? Kuona ramani ya ardhi ya umma si siri ya jeshi.

2. Nyumba ya Muthaiga. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu hii ndiyo sababu ya mimi kutotulizwa na maneno "tunalishughulikia".

Murumbi alikuwa mkusanyaji. Alikusanya vitabu, vinyago, nguo, stempu, barua, vito, kila alichoona kinamsimulia Mwafrika habari zake mwenyewe. Vitabu vyake vya kabla ya mwaka 1900 peke yake vilikuwa maelfu. Waliokuwa na pesa ng'ambo walivitaka. Angeweza kuviuza huko akaishi kama sultani. Badala yake, miaka ya 1970, aliiuzia serikali ya Kenya mkusanyiko huo pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa makubaliano kwamba nyumba ile itakuwa taasisi ya masomo ya Afrika yenye jina lake. Mahali pazuri palipokwisha tengenezwa, penye miti ya asili na kila kitu. Kazi ya serikali ilikuwa kufungua mlango tu.

Haikufungua. Nyumba iliachwa ikaoza. Miti ikakatwa. Kiwanja kikamegwa, nyumba ikabomolewa. Mzee alikuwa bado hai, akayaona hayo kwa macho yake, na waliomjua walisema ndiyo yaliyomvunja afya. Mkusanyiko wenyewe, tushukuru, haukupotea wote. Mtu akienda leo Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue atayaona mengi aliyotuachia, na kila nikipeleka watoto huwa nawaambia watazame kwa makini, maana hii ndiyo nusu ya ahadi iliyotimizwa.

Naisimulia habari hii kwa sababu ile nyumba haikuporwa na majambazi usiku. Ilipotea mchana, katika mafaili, kwa kupokezana. Huyu alisema ni ya wizara ile, yule akasema ni ya idara hii, hadi siku moja ikawa ya mtu binafsi. Sasa nikisimama kwenye kaburi la mtu huyohuyo, katika kiwanja cha thamani kama kile, mwendo wa dakika chache kwa gari kutoka pale nyumba yake ilipokuwa, halafu nikasikia "si yetu, sisi ni bustani", mnataka nifikirie nini?

3. Zamu ni ya nani. Nilikaa na Katiba jioni moja nikaelewa kwa nini wale vijana wote walikuwa sahihi. Katika Jedwali la Nne, makaburi ni kazi ya kaunti, na bustani za kaunti vilevile. Ila katika jedwali hilohilo, majengo na maeneo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni kazi ya serikali kuu. Kaburi la Pinto ni kaburi, limo bustanini, na ni historia ya taifa. Ni mali ya wote, ndiyo maana halina mwenyewe. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa kila mmoja anauona mzigo ni wa mwenzake. Sheria inaruhusu ngazi mbili za serikali zikubaliane kwa maandishi nani afanye nini. Kama makubaliano ya namna hiyo yapo kuhusu makaburi haya, nionyesheni, nitaomba radhi hadharani kama nilivyolalamika hadharani.

4. Daftari la waliozikwa. Nimewataja watatu kwa sababu ndio ninaowajua. Wengine waliolala humo ni nani? Kila makaburi ya mji huwa na daftari: jina, tarehe, namba ya kaburi. Naomba kujua hili liko kwenye rafu gani, na kama limenakiliwa. Karatasi za Nairobi zina tabia ya kuungua au kunyeshewa.

5. Lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa. Siku ile niliomba langoni kijitabu au hata ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kuwapa watoto kuhusu Pinto na Murumbi, sikupata. Nikaandika mwenyewe kwa kalamu, nikatoa nakala kumi na mbili mtaani kwa pesa yangu. Sidai kurudishiwa. Lakini Pinto alikifanyia kazi Kiswahili hiki. Magazeti aliyoshughulika nayo baada ya kutoka kizuizini yalikuwemo ya Kiswahili, Sauti ya Mwafrika likiwa mojawapo. Si haki mtoto wa Kariobangi amkute mtu kama huyo kwa Kiingereza tu.

Najua majibu yatakayokuja, nimeyasikia kwenye korido zenu, basi niyajibu moja kwa moja.

Mtasema hakuna pesa. Wakazi wa jiji hili wanaikumbuka Mavoko. Makaburi ya Lang'ata yalipojaa, zikatolewa shilingi milioni 283 za umma kununua ekari 120 za kuzikia watu huko Mavoko, bei iliyoipita thamani ya ardhi ile mara nyingi, na ardhi yenyewe ikaonekana haifai kuchimbwa kaburi. Mambo yaliishia mahakamani, na watu walitiwa hatiani. Kwa hiyo pesa za makaburi jijini huwa zinapatikana. Mimi naomba mpimaji, vigingi, mfyekaji, na mtu wa kupiga picha kurasa za daftari. Hiyo yote haifiki bei ya gari moja la mkubwa.

Mtasema usalama. Ni kweli bustani imewahi kuogopwa, na wapo mpaka leo wasioingia peke yao. Ila mahali panapotembelewa hupata usalama wake, na mahali palipoachwa hupata wahuni. Nyeri kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941. Maskauti hutoka pembe zote za dunia kwenda kulitazama, njia yake inajulikana, na mji unakula kwa wageni hao. Sina ugomvi na mzee yule, aliipenda Nyeri na Nyeri ikampokea. Lakini nchi inayojua kumtunza mwanajeshi wa Kiingereza haiwezi kuniambia haijui namna ya kumtunza mtu aliyefungiwa Manda kwa ajili yake.

Mtasema, na hili huniudhi zaidi kuliko yote, kwamba familia zao ndizo zingehangaika. Mjane wa Pinto alibaki na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo mumewe ameuawa na waliotuma wauaji hawajulikani. Walihamia Canada. Nani angewalaumu? Mnataka warudi na jembe? Makaburi ya Rusinga na Bondo yana ukoo unaoyazunguka, wajukuu na vitukuu, kuku wanapita, moshi wa jikoni unapita. Marehemu wale hawatasahauliwa hata serikali ikilala. Hawa wa City Park ukoo wao ni jiji la Nairobi, na jiji lina ofisi, nazo ni zenu.

Na wapo watakaosema kimyakimya, kama nilivyowahi kusikia kwenye matatu, kwamba kuna mashujaa wetu wengi ambao hata kaburi hatulijui, tuanze na hao. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mjane wake alizeeka akiuliza mifupa iko wapi mpaka akafa. Hoja hiyo naiheshimu, na naumia nayo. Lakini sioni vipi kulipoteza kaburi tunalolijua kutatusaidia kulipata tusilolijua.

Serikali yenyewe, kwa mdomo wake, imekwisha kukubali watu hawa ni nani. Mwaka 2008 sura ya Pinto ilichapishwa kwenye stempu ya mashujaa wa Kenya. Mwaka 2013 ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimweka mbele katika orodha ya mauaji ya kisiasa tangu uhuru. Kumbukumbu ya amani ya Murumbi ilitengwa ndani ya bustani, ikawekwa sanamu za wachongaji wakubwa wa Afrika Mashariki, Elkana Ong'esa akiwa mmoja wao. Hiyo ilikuwa juhudi ya marafiki wa marehemu zaidi ya chochote, hasa Alan Donovan, Mmarekani aliyeanzisha naye African Heritage, nyumba ya sanaa za Afrika, na kumtumikia hata baada ya kifo. Donovan naye alitutoka Desemba 2021. Marafiki wanakwisha, Waheshimiwa. Niliyemwona mwisho akiweka ua pale alikuwa mama wa makamo aliyesema hamjui Pinto, ila babake alikuwa akimtaja.

Ninachoomba ni hiki, nacho si kingi.

Kwanza, ndani ya miezi mitatu ramani ya upimaji ya City Park ichapishwe, ikionyesha makaburi yalipo na mipaka inayolindwa, na vigingi viwekwe mahali pa kuonekana. Kama kuna hati ya mtu binafsi inayogusa makaburi au njia ya kuyafikia, itajwe, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ipelekewe rasmi.

Pili, ofisi zenu mbili zikae meza moja, zitie saini karatasi moja, na kwenye karatasi hiyo pawe na cheo cha afisa mmoja atakayejibu akiulizwa. Mmoja. Nikimpigia asiniambie yeye ni bustani.

Tatu, daftari la waliozikwa linakiliwe, na nakala iwekwe pale Moi Avenue karibu na vitabu vya Murumbi.

Nne, pawepo maelezo ya Kiswahili kuhusu watu hawa, langoni na makaburini. Kuyaandika nitayaandika bure, nanyi mnaweza kuyasahihisha, ingawa nawaonya kwamba kwa habari ya sarufi mimi ni msumbufu.

Kuhusu kufyeka majani siwekei masharti. Mkikataa tutafyeka wenyewe, tupeni tu ruhusa ya maandishi ili askari wenu wasitukamate na mapanga.

Yule msichana sasa yuko sekondari. Juzi nilikutana naye kituoni, akaniamkia, kisha akaniuliza kama nilijibiwa. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi Mwalimu, tuende tena tarehe ileile." Kwa hiyo tarehe 24 Februari, saa nne asubuhi, tutakuwa kwenye lango la Limuru Road, mimi na watoto watakaokuja. Tutatembea mpaka kwa Pinto, kisha kwa Murumbi na Sheila. Kama mtamtuma afisa, awe wa ofisi yoyote kati ya hizo mbili, atakaribishwa vizuri, na ndizi tutampa, akizificha kima wasizione. Ila aje na ramani.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu, Eastlands, Nairobi